George Lopez, bibi yake, na figo la mkewe

Leo sina mshono wala mapishi. Leo nimekuja na mwanamme, tena Mmarekani, mwenye asili ya Mexico, anaitwa George Lopez. Kazi yake ni kusimama peke yake jukwaani na kipaza sauti akachekesha watu mpaka wakashika mbavu. Najua baadhi yenu mshaanza kuuliza, sisi na yeye wapi na wapi? Basi nakwambieni kitu kimoja tu: huyu bwana kalelewa na bibi. Na humu ndani, tuliolelewa na bibi tuko wengi kuliko tunavyosema.

Nimemjua kupitia mafundi wangu wawili, wasichana ambao hawawezi kupiga charahani bila ya simu kulia mbele yao. Mwanzo nilikuwa nasikia sauti tu na vicheko vya watu, mie macho yako kwenye kitambaa. Kiingereza changu ni cha skuli ya sekondari, na yeye huchanganya na Kihispania kila akitaka, kwa hiyo mambo mengi yalikuwa yananipita. Lakini kila akianza kumuiga bibi yake nilikuwa nafahamu bila ya kutafsiriwa. Sauti ile, mkono ule kiunoni, lile jibu la kukata maini mtoto akiomba kitu. Nikasema huyu mtu bibi yake namjua.

Basi nikaanza kumfuatilia, na haya ndiyo niliyoyakuta.

George Lopez kazaliwa Los Angeles, jimbo la California, tarehe 23 Aprili 1961. Baba yake alikuwa kibarua wa mashambani anayehama hama, na aliondoka mtoto akiwa na miezi miwili. Mama yake naye akaondoka George alipokuwa na umri wa miaka kumi. Akabaki kwa bibi mzaa mama, Benita Gutierrez, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, na mume wa bibi huyo, Refugio, aliyekuwa mjenzi. Walikuwa wanakaa Bonde la San Fernando, upande wa kaskazini wa jiji, ambako familia nyingi zimetokea Mexico.

Kwa maelezo yake mwenyewe, ndani ya nyumba ile hapakuwa na njaa. Kilichokosekana ni maneno. Hakukumbatiwa. Hakuambiwa kafanya vizuri. Anasema hakuwahi kufanyiwa sherehe ya siku ya kuzaliwa utotoni. Sasa hili la mwisho kwetu si kitu, wengine hata tarehe zetu tumezijua siku ya kuandikishwa skuli. Lakini yeye kakulia Marekani, akiwaona wenzake darasani wanakatiwa keki, na mtoto hupima kwa alichonacho jirani.

Mwaka 2004 alitoa kitabu cha maisha yake, na jina la kitabu ni Why You Crying? Ukilileta kwetu ni lile lile tulilolisikia sote: "Unalia nini?" Si swali lile. Mtu mzima anayemuuliza mtoto "unalia nini" hataki kujibiwa. Anataka kimya. Kwa bibi yangu lilikuwa na sehemu ya pili, "nyamaza kabla sijakupa cha kulilia," na mie nilikuwa nameza machozi mpaka koo linauma. George Lopez akaliweka neno hilo juu ya jalada la kitabu, likauzwa Marekani nzima.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza mule dukani. Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kuchukua nguo zake za harusi akatukuta tunacheka, akaomba aelezwe. Tulipomweleza hakucheka. Akasema, "Huyo kamvua nguo bibi yake mbele ya watu." Kisha akatukumbusha kwamba mtu aliyekulea, hata kama alikukosea, unamsitiri.

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo nusu ya moyo wangu iko kwa yule mama. Sisi tumefundishwa sitara. Tumefundishwa kwamba kumtaja mwenzio kwa jambo ambalo angelichukia ni kusengenya, hata kama ni kweli. Na bibi Benita hakuombwa ruhusa na mtu. Alikuwa mwanamke wa kiwandani aliyerudi nyumbani jioni na miguu imevimba, hakujua kwamba kila neno alilolitema jikoni limeokotwa na kitoto kilichokaa pembeni.

Lakini mnaona, kuna jambo ambalo George amelifanya na yule mama hakuliona. Ukimsikiliza kwa muda, unagundua kwamba bibi huyu ndiye mtu pekee ambaye yuko kila mahali ndani ya hadithi. Baba hayuko. Mama hayuko. Aliyeko mlangoni, aliyeko jikoni, aliyeko kwenye gari, anayefoka, anayekataa kutoa senti, ni Benita. Wale wapole wa kufikirika waliondoka. Mkali akabaki. Kila kichekesho cha bibi ni ushahidi kwamba siku hiyo bibi alikuwepo.

Nami nimfikirie bibi yangu. Alikuwa analima mwani huku mashariki ya Unguja, maji yakitoka anateremka, mgongo umepinda. Alishalea wake sita, akamaliza, halafu nikaletwa mie na kibegi changu. Nani alimuuliza kama nguvu bado anazo? Hajanambia hata siku moja kuwa ananipenda. Lakini skuli zikifunguliwa viatu vilikuwa tayari uvunguni, na daftari zimefunikwa kwa gazeti. Bibi Benita alikuwa Los Angeles, na bibi yangu hata Dar es Salaam alikuwa hajafika, na wote wawili wamelea kwa mtindo mmoja, ule wa mtu aliyechoka ambaye hajapewa likizo.

Wala sisemi kwamba ukali ule ulikuwa dawa. George mwenyewe hasemi hivyo. Anaeleza kwamba alikua bila ya kujua namna ya kumkumbatia mtu, na mbele tutaona lilimfikisha wapi.

Tuje kwenye kazi. Kijana huyu alipokuwa skuli, alimuona kwenye televisheni Freddie Prinze, kijana mwenye asili ya Puerto Rico, katika kipindi cha Chico and the Man kilichoanza 1974. Kwa mara ya kwanza mtu anayefanana naye kidogo yuko ndani ya kile kisanduku na anachekesha nchi nzima. Prinze akafariki Januari 1977, kwa risasi ya bastola yake mwenyewe, ana miaka 22 tu. George alikuwa hajamaliza skuli. Alimaliza San Fernando High School mwaka 1979. Lakini alikuwa keshaamua. Miaka ya themanini akawa anafanya vibarua vya viwandani mchana na usiku anakwenda kwenye kumbi za vichekesho, mara anaacha, mara anarudi. Wale mnaoanza biashara mnaijua hiyo hali: mkono mmoja umeshika mshahara, wa pili umeshika ndoto, na vyote viwili vinateleza.

Alipoanza kuonekana kwenye kipindi cha Arsenio Hall watu wakamjua kidogo. Hata hivyo miaka ikaenda bila ya mlango mkubwa kufunguka. Mwaka 1993 alimuoa Ann Serrano, Mmarekani mwenye asili ya Cuba, na 1996 wakapata mtoto wao mmoja, msichana, Mayan. Shikeni majina hayo mawili.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke. Sandra Bullock, yule yule mcheza filamu, alikuwa ameona kwamba familia za Walatino, yaani Wamarekani ambao asili yao ni nchi za huko zinazosema Kihispania, karibu hawamo kabisa kwenye vichekesho vya televisheni. Akaenda kumuangalia George ukumbini, akampenda kazi yake, na akawa mtayarishaji wa kipindi kilichoitwa kwa jina lake, George Lopez. Kilianza kuonyeshwa na ABC Machi 2002, kikaenda mpaka 2007, sehemu 120.

Kipindi hicho kimeshonwa kwa kitambaa chake mwenyewe. George wa ndani ya televisheni ni meneja wa kiwanda cha vipuri vya ndege, maana viwanda alivijua. Mkewe, Angie, ana asili ya Cuba, kama Ann. Na yule bibi Benita kafanywa mama, anaitwa Benny, anachezwa na Belita Moreno. Benny huyo mkali, mlevi, mwongo kidogo, hana huruma hata ya dawa, na ndiye anayependwa kuliko wote. Mafundi wangu wakiona Benny anaingia wanaacha kushona. Mie najifanya sioni.

Kipindi kilipofutwa 2007, ABC ilileta msimu ule kipindi kingine cha watu wa mapangoni, wale watu wa kale wenye manyoya, ambao walitoka kwenye tangazo la bima ya gari. Wallahi si utani. George alikasirika hadharani, akasema yaani mtu wa asili ya Mexico hana nafasi kwenye televisheni lakini mtu wa pangoni anayo. Kile cha mapangoni hakikumaliza hata miezi miwili hewani. Baadaye, 2009, akapewa kipindi cha mazungumzo ya usiku, Lopez Tonight. Mwaka uliofuata akaja Conan O'Brien, George akasogezwa saa moja mbele kumpisha, na Agosti 2011 akafutwa. Kila mwenye meza sokoni anajua maana ya kuombwa usogee kidogo tu.

Sasa figo.

Wakati kipindi cha ABC kiko juu, George alikuwa mgonjwa. Alikuwa na maradhi ya figo ya kurithi, yale yanayokula figo taratibu, na kwa muda alikuwa anafanya kazi na maumivu bila ya kuwaambia wenzake. Mbele ya kamera anachekesha, kamera ikizimwa anajikunja. Mtoto aliyefundishwa kunyamaza kabla hajapewa cha kulilia, huyo hapo kawa mtu mzima. Ilifika pahala figo mbili zote zimekaribia kusimama. Aprili 2005 akapandikizwa figo jipya, na aliyetoa ni mkewe Ann.

Hebu kaeni na jambo hilo kidogo. Mwanamke mzima, hana ugonjwa, ana mtoto wa miaka tisa hivi, analala juu ya kitanda cha hospitali apasuliwe ili mumewe aishi. Mtu anaweza kuishi na figo moja, madaktari hawamruhusu atoe kabla ya kumpima kila kitu, lakini kisu ni kisu. Niliwauliza wateja wangu wiki nzima: ungempa? Majibu mngeyasikia! Bibi harusi mmoja, hina bado mbichi, alisema angetoa na moyo pia. Mwanamke wa ndoa ya miaka ishirini akasema, "Kwanza nione simu yake." Mwengine akafikiri sana, akasema angetoa kwa sababu ya watoto, na hapo watu wote wakanyamaza, kwa sababu tulimjua na tunayajua ya nyumbani kwake.

Nao George na Ann, Septemba 2010, walitangaza kuachana. Miaka mitano na miezi baada ya figo.

Nilipowasomea wenzangu hilo dukani, mtu akarusha utepe wa kupimia. "Arudishe figo!" Tukacheka sana, lakini kicheko kile kilikuwa na hasira ndani yake, maana kila mmoja wetu anamjua mwanamke aliyemuuguza mume, akamuosha, akauza dhahabu yake kwa ajili ya matibabu, na mume alipopata nguvu akaenda kuposa kwengine. Hatujamtaja mtu. Hapakuwa na haja.

Mie nina rai yangu na mnaweza kunipinga. Figo lile halikuwa rehani. Ann hakumkopesha, alimpa, na alichopewa baba huyo kilikuwa kimepewa pia mtoto wake, aliyebaki na baba hai. Yaliyovunja ndoa ni yao, na kwa vile wao wenyewe walitangaza kwa heshima, mie ni nani wa kuyafukua. Ninachokiona ni kwamba wema ule haukugeuka upumbavu kwa sababu ndoa imekwisha. Baadhi yetu tunawacheka wanawake wa namna hiyo, eti wamepoteza. Mtu yule anapumua. Amepoteza nini hapo?

Aliyeumia zaidi, kwa nionavyo, ni Mayan. Wazazi walipoachana alikuwa msichana wa miaka kumi na nne, umri mbaya kuliko yote. Baba alihama nyumba, na kukafuata kipindi ambacho baba na binti hawasemezani. Baba yule yule ambaye baba yake alimwacha na miezi miwili na mama yake akamwacha na miaka kumi. Ambaye miaka yote amepata riziki kwa kuhadithia uchungu wa kuachwa. Hakuufahamu ulipotoka mkononi mwake ukaingia kwa mtoto wake? Au aliufahamu lakini hakuwa na maneno, kwa sababu nyumbani kwa Benita maneno hayo hayakuwepo? Hapa ndipo ninapokataa wale wanaosema ukali wa bibi umewafanya watu. Umewafanya, na umewanyima pia, na hesabu ya ulichonyimwa huja kulipwa na mtoto wako.

Walikuja kupatana. Wakati wa korona Mayan alianza kuweka video TikTok, anaeleza kwa utani maisha ya kukua na wazazi hawa, talaka na vituko vyake, baba akiwa pembeni humo humo kwenye video. Mwandishi mmoja wa televisheni, Debby Wolfe, akaziona. Kutoka hapo kikazaliwa kipindi cha Lopez vs Lopez, kilichoanza NBC Novemba 2022 na kwenda misimu mitatu hadi 2025. Ndani yake George ni baba mjenzi aliyeishiwa fedha, anahamia kwa binti yake, na binti anachezwa na Mayan mwenyewe. Kuna mkwe, kuna mjukuu, na kuna ulevi wa baba, ambao George hakuuficha kuwa umemsumbua pia nje ya kamera. Mambo ambayo binti hakuweza kumwambia baba sebuleni, anamwambia mbele ya kamera, na baba hawezi kutoka nje kwa sababu anafanya kazi.

Nilikumbuka maneno ya yule mama wa nguo za harusi. Kumvua mtu nguo. Mbona binti naye kamfanyia baba kile kile baba alichomfanyia bibi? Lakini safari hii anayetajwa yuko chumba kimoja na anayemtaja, ana nafasi ya kujibu, ya kuona haya, hata ya kulia. Bibi Benita hakupata nafasi hiyo pale jukwaani. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa. Sitara ya kumfunika mwenzio mbele ya watu naielewa na naitaka. Kinachonitia shaka ni ile tunayoifanya sisi kwa sisi ndani ya nyumba, mama na binti wanalala ukuta mmoja na hakuna anayesema kilichouma, halafu tukaiita heshima.

Kwa wanaotaka kumuangalia: anzeni na kile kipindi cha 2002, mumjue Benny, kisha ndiyo muende kwenye hicho cha baba na binti, maana utani mwingi wa pili umesimama juu ya wa kwanza. Vichekesho vyake vya jukwaani vina matusi mengi, Kiingereza na Kihispania, na mengine hayasemeki. Watoto wakishalala, na sauti muiweke chini.